Beberu wangu hana pembe. Nitajuaje kama ni "safi" au amezificha tumboni?

#1 Mfugaji_Mgeta (3 Machi)

Wakuu habari za humu. Wakubwa shikamooni.

Nipo Mgeta, milima ya Uluguru. Huku mbuzi wa maziwa si wageni, tunao tangu miaka ya 1980 walipoletwa wale wa Norway kupitia Chuo cha Sokoine. Mimi nina majike watano, chotara. Watatu wana pembe, wawili hawana. Mwezi uliopita nimenunua beberu mweupe, chotara wa Saanen (aina ya mbuzi wa maziwa), kichwa kitupu kama yai. Watoto wangu wamembatiza jina la Kipara.

Aliyeniuzia alitaja bei mbili. Ya kwanza ni bei ya beberu. Ya pili, iliyochangamka zaidi, ni kwa sababu eti huyu ni "safi": ukimpandisha hata kwa jike mwenye pembe ndefu, watoto wote watatoka bila pembe. Tumekubaliana nimpe ile ya kwanza, nyongeza nimalizie nikishahakikisha.

Sasa nahakikishaje? Nikimtazama namwona kipara tu. Nimechoka kuchoma pembe za vitoto wakuu, vile vilio vinanitoa machozi, ndiyo maana hilo neno "safi" lilinikamata.

#2 Pweza_Mkavu

Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu. Waje wajuzi.

#3 Kitunguu_Saumu

Mpeleke kwa kinyozi akamuulize.

#4 Mwalimu_Chaki

Mkuu, hili ni swali la mtihani wa kidato cha nne, ila wewe umelileta likiwa na kwato.

Kila mbuzi ana nakala mbili za jeni inayoamua habari ya pembe, moja kapewa na baba, moja na mama. Ile inayozuia pembe tuiite P, na ile inayoziacha ziote tuiite p. P inatawala. Ikiwepo hata moja, pembe hazioti ng'o. Kwa hiyo Kipara anaweza kuwa PP, anaweza kuwa Pp, na kwa macho huwezi kuwatofautisha. Huyo wa pili amebeba pembe kimyakimya na atawarithisha watoto wake bila wewe kujua.

Asiyeweza kuficha kitu ni mwenye pembe. Yeye lazima awe pp, maana angekuwa na P hata moja asingeota pembe. Basi huyo ndiye tunayemtumia kumpeleleza mwenzake. Jike mwenye pembe hana cha kumpa mtoto zaidi ya p. Mtoto atakavyotokea kichwani ni kwa kile alichopewa na baba. Jike ni karatasi nyeupe, mwandiko utakaouona juu yake ni wa beberu.

Kipara akiwa PP, kila mtoto atakuwa Pp na hakuna atakayeota pembe. Akiwa Pp, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu. Na hapa ndipo utamu ulipo: mtoto MMOJA akiota pembe, kesi imekwisha, baba ni Pp.

Darasani tunaita testikrosi. Mimi huwaambia wanafunzi ni kupandisha kwa kupima.

Wale majike wako wawili wasio na pembe waache pembeni. Wao wana P ya kwao, watamfunika beberu. Mtoto akitoka bila pembe hutajua P imetoka upande gani.

#5 Mfugaji_Mgeta

Mwalimu umenifungua macho. Sasa wangapi wakitoka bila pembe nitaridhika kwamba ni PP?

#6 Mzee_Kwato

Kijana, marahaba. Mimi ni bwana mifugo mstaafu, miaka yangu mingi niliimalizia mabandani.

Kabla hujafika kwenye herufi za mwalimu, nenda kamshike huyo beberu kichwa. Usiku huu huu kama unaweza. Nimeona mabeberu wengi wakiuzwa kwa jina la "hana pembe" kumbe walichomwa wakiwa na wiki moja. Huyo ni pp halisi, ametengenezwa tu, na kila utakachokipima juu yake kitakuwa upuuzi. Aliyechomwa ana makovu mawili ya mviringo, ngozi ngumu, manyoya hayaoti vizuri pale, na mara nyingine kuna kipande cha pembe kilichopinda kikijitokeza. Ambaye kweli hana pembe ana vinundu viwili vya mviringo, laini, manyoya yamefunika vizuri, na ngozi inateleza juu yake ukiisogeza kwa kidole.

Jambo la pili. Kwa nini unataka PP? Umewahi kuona huntha?

#7 Mfugaji_Mgeta (4 Machi)

Mzee nimemshika. Vinundu viwili laini, ngozi inateleza, hakuna kovu. Amenilamba mkono akidhani nimeleta pumba.

Huntha ndiyo nini kwenye mbuzi?

#8 Mama_Alpine

Habari kutoka Nyeri. Hiyo ya huntha wacha nikuambie mimi, ilinigharimu.

Nilikuwa na Alpine wa Kijerumani, jike na dume wote hawana pembe, wazuri wa kupiga picha. Nikaona heri niwazalishe hao kwa hao niwe na zizi lote halina pembe. Nikapata mtamba mmoja mrembo ajabu. Miezi kumi, hajapata joto. Mwaka na nusu, bado. Akaanza kunuka kama beberu, anapanda wenzake, na sehemu zake za nyuma si za jike si za dume. Majirani wakasema nimerogwa. Daktari wa mifugo alipokuja alimwinua mkia, akaniuliza swali moja tu: "Wazazi wake walikuwa na pembe?"

Nilimlisha bure karibu miaka miwili.

#9 Mzee_Kwato

Asante mama, umesema vizuri kuliko ningesema mimi.

Kwa mbuzi, P haikuja peke yake. Mwaka 2001 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba mbuzi hawa wasio na pembe wana kipande kilichokatika kwenye kromosomu ya 1, takriban herufi 11,700 za DNA. Hitilafu hiyo inazuia pembe, na pia inavuruga jeni ya jirani inayolinda ovari isigeuke. Nakala moja ya P haimdhuru mtu. Mbuzi wa kike akiwa na nakala mbili, anageuka huntha na hazai. Wa kiume mwenye nakala mbili anabaki dume, ila wengine mirija yao huziba mbegu zisipite.

Kwa hiyo wazee wa ufugaji wana sheria moja: kati ya wawili wanaopandana, mmoja awe na pembe. Ukipandisha Pp kwa Pp, katika kila majike wanne waliotungwa mmoja atakuwa huntha. Ukipandisha PP kwa Pp, ni nusu ya majike. Hao majike wako wawili wasio na pembe, Kipara asiwaguse, awe PP awe Pp.

Na tazameni kitu hiki wanangu, kinanifurahisha kila mara. Jike asiye na pembe ambaye amewahi kuzaa hahitaji kupimwa na yeyote. Angekuwa PP asingezaa. Ni Pp, kwisha. Tumbo lake limeshajibu. Mwenye siri ni beberu peke yake.

#10 Mwalimu_Chaki

Mzee, hiyo ya jike aliyezaa sikuwahi kuiwaza, na nimefundisha somo hili miaka kumi na mbili. Naiiba.

Sasa swali la #5. Mfugaji, kwanza muulize muuzaji: mama yake Kipara alikuwa na pembe?

#11 Mfugaji_Mgeta

Nimempigia. Anasema baba na mama wote hawana pembe, "ukoo mzima". Anajivunia hilo.

#12 Mwalimu_Chaki

Angekuwa na mzazi mmoja mwenye pembe tungemaliza hapa hapa. Mwenye pembe hutoa p tu, kwa hiyo mtoto wake asiye na pembe ni Pp bila kupandishwa popote. Ulizeni wazazi kwanza jamani, simu ni nafuu kuliko miezi mitano ya mimba.

Haya, mama yake alizaa, kwa hiyo kwa hesabu ya Mzee ni Pp. Baba hatumjui, tumchukulie kuwa Pp kama walivyo wengi. Pp kwa Pp inatoa PP mmoja, Pp wawili, pp mmoja. Huyo pp tunamtoa, maana Kipara hana pembe. Wamebaki watatu, mmoja wao ndiye "safi". Kwa hiyo kabla hata hajapanda, nafasi ya muuzaji kuwa sahihi ni moja kwa tatu.

Sasa chukua mabeberu 96 wenye historia kama ya Kipara. 32 ni PP, 64 ni Pp. Kila mmoja apate watoto watano kwa majike wenye pembe. Wale 32 wote watoto wao hawana pembe. Katika wale 64, bahati inawapunguza nusu kila mtoto anapozaliwa: 32, 16, 8, 4, 2. Wawili watapita mtihani kwa bahati tu. Kwa hiyo waliofaulu ni 34, na wawili kati yao wametudanganya.

Watoto saba bila pembe, nafasi ya Pp kukupita ni 1 kwa 128. Wengi huishia hapo kwa sababu ni chini ya asilimia moja. Sifuri haifiki kamwe.

#13 Pweza_Mkavu

Mwalimu subiri. Kama ni nusu kwa nusu, akizaa watatu bila pembe si ina maana wa nne na wa tano lazima wawe na pembe ili hesabu ikae sawa?

#14 Mwalimu_Chaki

Mbegu haina daftari, Pweza. Haijui waliotangulia walitokaje. Jirani yako mwenye mabinti watano ameshakuonyesha hilo.

#15 Jogoo_la_Shamba

Naomba kuingia kwa swali dogo. Nina jogoo kishingo. Na yeye nimpime hivyo hivyo kwa mitetea ya kawaida?

#16 Mzee_Kwato

Kishingo hana haja, mtazame shingo kwa mbele. Jeni ile haitawali kikamilifu. Mwenye nakala moja ana kishada cha manyoya chini ya shingo, kama tai. Mwenye mbili shingo yake ni tupu, pengine unyoya mmoja mmoja, na hata mwilini manyoya yamepungua zaidi, ndiyo maana anavumilia joto. Kipimo cha mwalimu ni kwa tabia inayofichika. Isiyofichika unaisoma kwa macho.

#17 Baba_Wawili

Wakuu msinicheke. Mimi damu yangu ni A, mke wangu O. Mtoto wa kwanza A, wa pili O. Mama yangu amekuwa akinitazama kwa jicho fulani. Huu uzi wa mbuzi umenigusa.

#18 Kitunguu_Saumu

Haya, yamefika kwa binadamu sasa. Pweza nipe karanga.

#19 Mwalimu_Chaki

Baba Wawili, tulia na umpelekee mama chai. Kundi O ni kama mbuzi mwenye pembe, haliwezi kuficha kitu, lina nakala mbili za O. Mkeo hakuwa na cha kutoa zaidi ya O. Kwa hiyo mtoto wa kwanza alipata A kwako na wa pili alipata O kwako. Wewe ni AO, na nyumba yako imefanya testikrosi bila kujua. Hicho ndicho kinachotarajiwa kwa watoto wa A aliyebeba O na mke wa O, nusu kwa nusu.

Angalizo tu: kundi la damu likikubali halithibitishi baba ni nani, linasema hakuna kinachopingana. Wenye A wako wengi.

#20 Baba_Wawili

Mungu akubariki mwalimu. Hiyo sentensi ya mwisho mama sitamsomea.

#21 Mfugaji_Mgeta (2 Aprili)

Taarifa fupi. Majike watatu wenye pembe wote wamepandwa na Kipara: Bi Harusi tarehe 9 Machi, Mkorofi tarehe 14, Chausiku tarehe 21. Tangu hapo hakuna aliyerudi kwenye joto. Ila kijana wangu ni mtihani, kesho yake alipokuwa anasafisha banda alimwacha Chausiku akatoka, tukamkuta bondeni baada ya saa nzima akila mabua ya watu. Amerudi salama.

Tukutane Agosti.

#22 Mtoto_wa_Bara (5 Aprili)

Niko Ujerumani. Huku kuna maabara unatuma nywele au damu, wanakusomea moja kwa moja PP au Pp. Kwa nini msifanye hivyo badala ya kungoja miezi mitano?

#23 Mfugaji_Mgeta

Mkuu, mimi majike ninao, wana pembe, na wangepandwa tu hata pasingekuwa na swali. Maziwa nayanywa, watoto nauza, jibu napata bure. Maabara itanipa jibu bila maziwa.

#24 Mtoto_wa_Bara

Sina la kuongeza.

#25 Mfugaji_Mgeta (19 Agosti)

WAKUU! Bi Harusi mapacha. Mkorofi mmoja. Chausiku jana usiku mapacha. Watano, vichwa vyote laini! Namtumia muuzaji hela yake kesho asubuhi?

#26 Pweza_Mkavu

Karanga ziliisha mwezi wa tano, sasa natafuna maganda. Hongera mkuu.

#27 Mwalimu_Chaki

Usitume chochote. Kwanza wale wa jana usiku umewatazama na tochi, sivyo? Pili, watoto watano bila pembe wanamweka Kipara kwenye wale 34 wetu waliofaulu, kumbuka wawili waongo.

Na usione watano ni wengi. Mendel mwenyewe, baba wa elimu ya urithi, alinaswa hapa. Alikuwa na mimea ya njegere yenye tabia inayotawala, anataka kujua ipi ni safi na ipi imechanganyika. Njegere hujichavusha yenyewe, basi kwa tabia kadhaa alichukua mimea 100, akapanda mbegu 10 za kila mmoja. Zote kumi zikifanana na mzazi, mzazi anaandikwa safi. Makala yake ilichapishwa 1866. Mwaka 1936 mtakwimu Mwingereza, Ronald Fisher, akaketi na kalamu. Mmea uliochanganyika ukijichavusha, kila mbegu ina nafasi robo tatu ya kuonyesha tabia inayotawala. Robo tatu ukiizidisha kwa yenyewe kwa mbegu zote kumi, ni kama asilimia 5.6. Yaani katika kila mimea mia iliyochanganyika, mitano au sita ingeandikwa "safi" kimakosa, na hesabu za Mendel hazikuonyesha upungufu huo. Wanazuoni wamebishana juu yake hadi leo.

Ona tofauti lakini. Mendel kwa watoto kumi alibaki na shaka ya asilimia 5.6. Wewe kwa jike mwenye pembe, watoto watano tu wamekushusha hadi asilimia 3.1, na kumi wangekushusha hadi 1 kwa 1,024. Kila mtoto wako anasema mengi zaidi kwa sababu mama yake hana cha kuficha. Ungepima kwa majike walio Pp ungehitaji watoto 16 kufikia asilimia moja, achilia mbali mahuntha. Na kwa tabia ambayo huna hata mnyama wa kuipimia, wafugaji wa zamani walimrudisha dume kwa binti zake mwenyewe. Hapo ni binti 35, kila mmoja mtoto mmoja, ndipo upate uhakika uleule.

#28 Mzee_Kwato

Mwalimu amemaliza ya kalamu, mimi ya kidole. Kitoto atakayeota pembe huzaliwa na mizunguko miwili ya manyoya, mmoja juu ya kila jicho, manyoya yamezunguka kama maji yanayoingia kwenye tundu. Ukisogeza ngozi pale haitelezi, imeshikwa. Asiyeota ana mzunguko mmoja katikati au hana kabisa. Kitoto mwenye manyoya mengi na aliyelowa anakudanganya. Washike tena baada ya siku saba, kumi.

#29 Mfugaji_Mgeta (28 Agosti)

Wakuu.

Mmoja wa mapacha wa Chausiku, yule mweusi. Asubuhi nimemshika kichwa, nimekuta vitu viwili vigumu kama punje za mahindi.

#30 Kitunguu_Saumu

Uwiiii!

#31 Pweza_Mkavu

Kesi imekwisha. Kipara ni Pp. Mwalimu alisema mmoja tu anatosha.

#32 Mwalimu_Chaki

Inaonekana hivyo. Pole mkuu, lakini umeokoa nyongeza.

#33 Mzee_Kwato

Taratibu. Mfugaji, Chausiku alipandwa tarehe 21 Machi. Siku ile aliyotoka bandani akaenda bondeni ilikuwa lini?

#34 Mfugaji_Mgeta

Tarehe 22...

#35 Mzee_Kwato

Huko bondeni kuna mtu mwenye beberu?

#36 Mfugaji_Mgeta

Mzee. Yupo. Pembe zake kama usukani wa baiskeli.

#37 Pweza_Mkavu

NAOMBA KARANGA MPYA.

#38 Mzee_Kwato

Joto la mbuzi linakaa siku moja, mbili, wengine zaidi. Jike anaweza kubeba mapacha wa baba wawili, si ajabu. Kipimo hiki chote kinasimama juu ya mguu mmoja, kwamba unamjua baba. Mguu huo umevunjika kwa kitoto mweusi.

#39 Mama_Alpine

Basi mapacha wote wawili watolewe kwenye hesabu, si ndiyo?

#40 Mwalimu_Chaki

Hapana mama, na hapa patamu. Pacha mwenzake hana pembe. Chausiku ana pembe, ni pp. Beberu wa jirani ana pembe, ni pp. p ndogo kwa p ndogo haitoi asiye na pembe hata siku moja. Kwa hiyo huyo wa pili ni wa Kipara bila ubishi, anabaki kwenye hesabu. Mwenye shaka ni mweusi peke yake.

Tunao wanne wasio na pembe na mmoja asiyejulikana ni wa nani. Nilikimbilia kutoa hukumu, Mzee ameniwahi.

#41 Mfugaji_Mgeta

Kwa hiyo nifanyeje?

#42 Mzee_Kwato

Mkorofi ananyonyesha mmoja tu, ana nguvu. Tangu azae hajatoka?

#43 Mfugaji_Mgeta

Hajatoka. Jina lake linamfaa, tunamfungia.

#44 Mzee_Kwato

Basi mwache apumzike, akipata joto umpe Kipara ndani ya banda, mlango umefungwa, na huyo kijana wako mtume sokoni siku tatu. Andika tarehe. Umfungie hadi joto liishe kabisa.

#45 Mfugaji_Mgeta (3 Oktoba)

Jana tarehe 2 Mkorofi amepandwa na Kipara mara mbili mbele ya macho yangu. Banda limefungwa kwa kufuli, ufunguo nimevaa shingoni. Mke wangu anauliza mimi ni mfugaji au askari magereza.

#46 Kitunguu_Saumu (11 Januari)

Mimi sifugi hata paka lakini nimekuja kuangalia kama Mkorofi amezaa.

#47 Mfugaji_Mgeta

Bado. Tumbo kubwa.

#48 Mfugaji_Mgeta (10 Machi)

Wakuu, mwaka umepita tangu nifungue uzi huu.

Mkorofi amezaa tarehe 1, mapacha, dume na jike. Safari hii sikutumia tochi. Nilingoja wakauke, nikawatoa juani. Jike ana mzunguko mmoja katikati ya kichwa, ngozi inateleza. Dume ana miwili, juu ya kila jicho, ile ile ya maji kwenye tundu. Sikusema kitu kwa mtu. Nimengoja siku tisa. Leo nimemshika: punje mbili za mahindi.

Baba ni Kipara, sina shaka, ufunguo ulikuwa shingoni mwangu. Kipara ni Pp.

Nimempigia muuzaji. Hakubisha. Alicheka, akasema hata yeye aliambiwa "safi" na aliyemuuzia mama wa Kipara, naye akaamini. Nyongeza imefutwa.

#49 Mwalimu_Chaki

Hongera. Watoto sita wa uhakika: watano bila pembe, mmoja ana pembe. Laiti tungeishia kwa wale wanne au watano tungemlipa yule bwana. Naomba ruhusa niwapelekee wanafunzi wangu uzi huu, nitaficha majina ya mbuzi.

#50 Mzee_Kwato

Beberu mzuri huyo, usimuuze. Kwa majike wenye pembe atakupa nusu vipara, na majike vipara wake watazaa. Hao wawili wako wasio na pembe watafutie dume mwenye pembe. Hata huyo wa jirani.

#51 Mama_Alpine

Na dume mdogo wa Mkorofi umchome mapema, kabla pembe hazijashika fuvu. Wiki ya pili imeshafika.

#52 Mfugaji_Mgeta

Nimeshaweka chuma motoni mama, nimewasha redio kwa sauti nisimsikie.

Kuna jambo limebaki. Jirani amesikia habari za kitoto mweusi wa Chausiku, sasa amekua, dume lenye kifua. Jana amekuja na wazee wawili anasema ni mtoto wa beberu lake kwa sababu ana pembe, nimgawie nusu ya bei nikimuuza. Mwalimu, naweza kumjibu nini?

#53 Mwalimu_Chaki

Kipara angekuwa PP, jirani angeshinda, maana pembe zisingeweza kutoka kwake. Sasa tumethibitisha kwamba ni Pp, pembe zinaweza kutoka kwa yeyote kati ya wale wawili. Kwa kutazama kichwa cha mbuzi huyo hakuna awezaye kusema baba yake ni yupi.

#54 Mfugaji_Mgeta

Basi nitamwambia alete ushahidi mwingine.

#55 Pweza_Mkavu

Mtoto_wa_Bara, ile maabara yenu ya nywele bado ipo?